Mshale Ulioruka Njia ya Busia

Baba,

Gari lako bado linatembea. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya habari za Mama. Mama hajambo. Kaka Juma ndiye dereva sasa, anapeleka abiria Busia na kurudi Tororo kama ulivyokuwa ukifanya, na wale wazee wa Molo bado wanagombania kiti cha mbele.

Ulipotuacha, Baba Mdogo Sefu alishika usimamizi wa gari na gereji. Simlaumu, mtu mzima alikuwa amebaki yeye. Lakini baada ya hitima yako aliniita akaniambia kwa upole, "Zainabu mwanangu, zile kazi za gereji za baba yako zimekwisha. Msichana hanuki grisi." Nikanawa mikono nikarudi jikoni. Nililia huko, Baba. Moshi ulinifaa, nikausingizia.

Kisha gari likaanza vituko. Ile saa ya joto la maji ya injini kwenye dashibodi, mshale wake ulikuwa ukiruka ghafla hadi kwenye nyekundu, halafu unaanguka wenyewe kama hakuna kitu. Juma akasafisha rejeta, akabadilisha themostati, akakaza fenbelti. Mshale ukaendelea kuruka. Nilikuwa nikiwasikia wakibishana uani nami nakuna nazi, na sauti yako inanijia sikioni: "Maji hayaruki, Zainabu. Maji hupanda polepole na hushuka polepole." Nilitaka kutoka nikawaambie. Sikutoka.

Siku yenyewe nilikuwa Busia, nilikwenda kumjulia hali Shangazi. Mchana nikapanda gari letu kurudi nyumbani, nikakaa mbele na Juma. Baba Mdogo alikuwa nyuma na abiria. Hatujafika mbali, nikamsikia anaguna. Unaikumbuka ile ngiri yake aliyokuwa akiificha? Siku hiyo ilitoka ikakwama. Alijikunja sakafuni, jasho linamtiririka, anatapika. Mama mmoja wa Kirewa alimwekea kichwa mapajani, akatuambia, "Huyu mumfikishe hospitali upesi. Mjomba wangu alikufa hivihivi."

Juma akakanyaga mafuta. Tukafika pale vilima vya Osukuru vinapoanza kuonekana, mshale ukaruka kwenye nyekundu, ukabaki hapo. Juma akasimamisha gari, akazima injini. "Nikiendelea injini itakufa, tutakwama porini," akasema. "Tungoje ipoe." Alikuwa akifanya ulivyomfundisha, Baba. Na kungoja ipoe maana yake ilikuwa kungoja muda mrefu, na Baba Mdogo hakuwa nao.

Nikashuka. Nikafungua boneti. Sikusikia maji yakichemka, sikuona mvuke, wala ile harufu ya chuma kilichoungua haikuwapo. Nikaushika mpira wa juu wa rejeta kama ulivyonionyesha, kwanza kwa ncha za vidole, halafu kwa kiganja kizima. Ulikuwa na joto, joto la injini inayofanya kazi, na mkono wangu ukakaa palepale. Injini iliyochemka hairuhusu mkono ukae. Hapo nilijua nimeshaamini kitu na bado sina hakika nacho.

Nikamwambia Juma, "Washa injini, kisha uniwashie taa." Akanitazama kama nimepagawa, jua lote lile. Lakini akawasha. Nikachungulia dirishani: taa zikiwaka, mshale unapanda zaidi. Akizima taa, unashuka. Akiwasha, unapanda tena. Taa hazichemshi maji, Baba. Ni umeme uliokosa njia nzuri ya kurudi, ukaufanya mshale useme uongo.

"Twende," nikasema. "Nikisikia harufu tu, nitakwambia usimame."

Kutoka nyuma Baba Mdogo akauliza kwa shida, "Nani anasema twende?"

"Mimi, Baba Mdogo."

Akaguna kwa maumivu. Kisha akasema, "Juma, fanya vile anasema dada yako."

Tukaenda. Mshale ulikaa kwenye nyekundu karibu njia nzima, nami nimetoa kichwa nje nanusa upepo, namwomba Mungu niwe nimekusikia vizuri enzi zile. Jiwe la Tororo, lile jabali la mjini, lilipotokea mbele sikuamini. Tuliingia uani mwa hospitali injini ikinguruma kama siku uliponunua gari. Wakampasua jioni ileile. Daktari alisema utumbo ulikuwa umeanza kubadilika rangi, lakini haujafa.

Kesho yake nililala chini ya gari, gauni na vyote. Ule waya mpana uliosukwa, unaounganisha bodi na injini, nyuzi zake zilikuwa zimekatika karibu zote, na bolti yake imeliwa na kutu. Nikaweka mwingine, nikakwangua chuma mpaka king'ae, nikakaza. Mshale ukasimama mahali pake. Juma akawasha taa, akapiga honi, akafanya kila kitu. Haukutikisika. Akacheka mpaka akakaa chini.

Baba Mdogo yuko nyumbani, anatembea na fimbo. Hajaniomba radhi, unamjua. Ila Ijumaa moja, watu wametoka msikitini, dereva mmoja alimfuata kulalamika kuhusu gari lake. Nilikuwa napita na kikapu. Akaninyooshea fimbo mbele ya wote: "Mwulize mtoto wa kaka yangu. Huyu kafundishwa na baba yake." Jioni akampa Mama ufunguo wa gereji aniletee.

Nilitamani ungekuwepo pale nje ya msikiti. Nilitembea hadi nyumbani nimejinyoosha, Baba, kikapu sikuhisi uzito wake. Mtoto wa fundi. Wanaponiita hivyo naitika haraka.

Sasa nakuaga, maana kuna lori linanisubiri. Lala salama, Mungu akuweke mahali pema. Mama ana hamu ya kumwona dada yake Kisumu, nawe ulikuwa umemwahidi safari hiyo. Juma ameanza kunifundisha usukani. Nitampeleka Mama mwenyewe, Baba. Nitamkalisha mbele, na nitaendesha mimi.

Mwanao,
Zainabu