Baba Analinda Mlango

Mbeyu, baba amenipiga rungu! Nilipiga hodi nikaingia na uji wake, akanambia, "Mwizi wewe!"

Rungu lile lile alilolindia hoteli kule Diani. Mwizi, mimi!

Unakumbuka alivyotwambia daktari? Kwenye ubongo mna chembe za kinga, ni kama askari. Kwa ugonjwa huu wa kusahau, askari wamegeuka, wanashambulia neva walizowekwa kuzilinda. Mimi nikaitikia tu, naam daktari. Leo ndiyo nimefahamu.

Nimejifungia chumbani, mkono umevimba. Yeye amekaa mlangoni, ananambia kwa upole, "Lala mwanangu, nalinda. Haingii mtu."

Wallahi naogopa. Mama yuko sokoni. Nampigia, simu yake inalia hapa hapa kitandani.

Mbeyu, kimbia ukamzuie mama kabla hajapiga hodi.