Kikompyuta Kilichogoma Kufunguka

Mdogo wangu,

Hatujambo. Paka amezaa ndani ya kapu la vitambaa na Mama kakataa wahamishwe, basi nguo za wateja zinachelewa.

Kile kikompyuta cha mkononi ulichomwachia Mama kilikuwa kinajivuta. Nikakiwekea Linux, ule mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta, mafaili yake nikayaacha yalivyo, kikachangamka. Juzi kikagoma. Naweka nenosiri, kinalikubali, skrini inawaka, halafu kinanirudisha palepale pa kuweka nenosiri. Nikabadili nenosiri, wapi! Mwishowe nikaingilia kwenye ile skrini nyeusi ya kuandika amri, ndipo nikaona hifadhi imejaa pomoni, hakina hata pa kupumulia.

Kimejaa sauti ya Mama. Kila jioni anakurekodia maneno, anabonyeza "hifadhi", akiamini amekutumia. Hakuna hata rekodi moja iliyotoka humu. Nawe ukadhani amekununia, naye kila mara ananiuliza, "Mbona hajibu?"

Ili kifunguke ilibidi nifute rekodi moja. Nikamuuliza ipi. Akasema, bila kuinua macho kwenye cherehani, "Ile ya kwanza, ya siku aliyoondoka. Nilikuwa na hasira."

Zilizobaki zote zimo kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu niliyoinunua baadaye, humu bahashani. Ile ya kwanza niliifuta bila kuisikiliza, kwa hiyo usije ukaniuliza alisema nini.

Dada yako,
mwenye macho mekundu kwa sababu ya skrini tu