Siku Ambazo Mtambo Unapumzika

4 Februari

Mwanangu Kitinda,

Hujambo huko uliko? Mimi sijambo, goti tu ndilo linanisumbua. Kaka yako mzima, mkewe mzima, wanagombana vizuri.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unacheka kabla sijamaliza swali. Juzi kaka yako alinisomea gazetini habari za hapo kazini kwenu. Wewe uliniambia unasafisha vioo. Gazeti linasema nyuklia. Mwanangu, nimeuguza katika wodi ya majeraha ya moto mpaka nikastaafu. Wagonjwa wangu wote walidai ni chai iliyowamwagikia, hata yule aliyeingia ananuka petroli. Sasa niambie, vioo vya nini?

Mama yako

19 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya. Pole na goti, na uache kupanda ngazi na ndoo.

Sikukudanganya. Nasafisha vioo kweli, lenzi kubwa kama meza yako ya kulia. Miale ya leza, yaani mwanga mkali uliokusanywa pamoja, inapita kwenye lenzi hizo na kupiga kidonge kidogo kama punje ya pilipili manga. Ndani yake kuna haidrojeni iliyogandishwa. Ikibanwa ghafla kutoka pande zote, viini vyake vinaungana na kutoa joto, kama inavyotokea ndani ya jua. Siku tukitoa nguvu nyingi kuliko mwanga tulioingiza, tutakuwa tumeanza safari ya kupata umeme usio na moshi. Ila chembe ya vumbi ikibaki kwenye lenzi, mwanga unaichoma na kioo kinaharibika. Ndiyo maana hapa wananiita Jicho.

Si bomu, Mama. Lala usingizi wako. Kuna siku hata haturuhusiwi kuingia ukumbini zilimo lenzi, mtambo unapumzika, sisi tunakaa kantini tunacheza karata.

Mwanao, Kitinda

2 Machi

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata. Goti nalo nimelisomea, halikusikia.

Habari ya jua nimeielewa na nimeipenda. Nimemsimulia jirani, akauliza kama mtaweza kumkaushia nguo wakati wa mvua.

Lakini hiyo ya kupumzika imenikwama kooni. Mtambo wa thamani hiyo unapumzika nini, kwani umejifungua? Na ukirudi siku ya pili, lenzi unazikuta safi au zimechafuka?

Mama yako

20 Machi

Mama, shikamoo. Mimi mzima.

Kazi zimenibana. Naomba haya mambo ya kazini tuyaache. Msalimie kaka.

Mwanao

15 Aprili

Kitinda,

U mzima? Umeniandikia vimistari viwili vitatu na goti hukuliuliza. Simu hupokei. Wodini, mgonjwa aliyekuwa anapiga kelele akinyamaza ghafla, ndipo tulipomkimbilia.

Kaka yako anasema umepata mchumba. Mimi nasema lenzi zimechafuka.

Mama yako

9 Juni

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nisamehe kwa kimya.

Zilikuwa zimechafuka. Baada ya kila "mapumziko" nilikuta alama mpya za kuungua, nikawa nashughulika nazo bila kuuliza, maana jibu nililiogopa. Barua yako ya mwisho ilipofika nikamfuata mkuu wetu.

"Siku tunazofungiwa nje, nani anakuwa ndani?"

Akafunga mlango. "Watu wa mabomu. Hawayalipui tena kwa majaribio, kwa hiyo wanakuja kupima hapa, wajue kama yale ya ghalani bado ni mazima. Bila wao huu mtambo usingejengwa. Jicho, wewe ndiye wa mwisho kuona."

Tangu hapo nikawa namshuku kila mtu. Hata wale wa karata, kila wakicheka nilijiuliza wanamcheka nani.

Kisha mwezi uliopita tukapiga kidonge, na nguvu iliyotoka ikazidi mwanga ulioingia. Mama, nililia. Tulikumbatiana, watu wazima na vyeti vyetu, tukarukaruka kama watoto waliofunga shule. Wakaja wageni wawili wenye suti kutupongeza. Mmoja akanipa mkono, akasema, "Lenzi zako zimetusaidia sana na sisi." Nyuma yetu makofi yalikuwa bado yanapigwa.

Kesho yake nikamwambia mkuu kwamba nitaandaa lenzi kwa siku zetu tu. Akasema lenzi ni zilezile, vumbi ni lilelile: ama siku zote, ama basi. Nimechagua basi. Najua mwingine atazisafisha. Narudi nyumbani mwisho wa mwezi, na sijutii hata kidogo.

Mwanao, Kitinda

21 Juni

Mwanangu,

Mimi sijambo. Kaka yako ndiye mgonjwa, amesikia hakuna mchumba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikitafuta uongo. Ya mkuu wako nimeyaamini. Ya wenye suti nimeyaamini. Nilipofika pale unaposema hujutii hata kidogo, nikavua miwani.

Chumba chako nimekifagia. Ukifika, usinichekee mlangoni. Pita moja kwa moja, ulie mpaka utosheke. Mimi nitakuwa jikoni, wala sitauliza kitu.

Mama yako