Mtoto wa Mchanga

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumatatu, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Kaka aliniambia sasa unapanda ngazi za kwake bila kushika ukuta. Nilifurahi, ingawa nakujua: mtu akikutazama, hushiki ukuta. Sisi huku wazima wa mwili. Mjukuu wako ameota meno mawili ya juu na ameamua usingizi ni wa watu wasio na kazi. Hivi nimembeba mgongoni, kwa hiyo mwandiko ukiyumba ujue ni yeye.

Darasa la Jumamosi uliloniachia lipo. Wajawazito wanne, mkeka ule ule, kila mmoja na mto wake kutoka kwao. Kliniki wanakwenda kama kawaida; kwangu wanajifunza yale ambayo muuguzi mwenye foleni ya watu sitini hana nafasi ya kuyarudia: kupumua, kunyonyesha, kumshika mtoto anayeteleza kwa sabuni, dalili za kukimbilia hospitali. Yule mtoto wa kitambaa uliyemshona bado anaogeshwa kila wiki kwenye beseni kavu. Tulivyokucheka tukiwa wadogo, ukimjaza mchanga kwa kijiko na kumpima kwenye mizani ya jikoni: kilo mbili na gramu mia tisa, isizidi hata punje.

Sasa nikuambie kilichoninyima kalamu wiki zote hizi.

Palikuwa na wa tano. Fundi cherehani, mimba ya kwanza, mdomo hauna breki. Siku ya kwanza alimgeuza mtoto wa mchanga, akakagua mshono, akauliza, "Huyu alishonwa na mama yake au na mwenye ghala la mahindi?" Tulicheka mpaka mwalimu wa hesabu, mwenye mapacha tumboni, akaomba tukihurumie kibofu chake.

Wiki mbili kabla ya tarehe yake, fundi alinipigia simu. Nilikuwa nimeizima sauti kwa sababu mtoto wangu ndiyo kwanza amepata usingizi, nami nikasinzia naye. Saa nzima. Nilipompigia, akaniambia tangu aamke hajamsikia mtoto akicheza. Nikamwambia aende hospitali hivyo hivyo alivyo. Alikwenda. Moyo haukusikika. Daktari alimwambia ulisimama tangu siku iliyotangulia, na kwamba saa ile moja isingebadili kitu. Maneno hayo nayajua neno kwa neno. Hayajanisaidia.

Nilikwenda kumwona mara moja. Alikuwa amelala akitazama ukuta. Niliosha vyombo vyake, nikaondoka.

Kisha nikakosea. Wenzake walipomuulizia, nilisema amesafiri kwenda kujifungulia kwa wazazi wake. Niliyaangalia yale matumbo manne, nikashindwa. Mto wake aliouacha kwangu nikauficha kabatini.

Na unajua utaratibu uliouanzisha mwenyewe: aliyejifungua anarudi Jumamosi moja, anakaa kwenye kiti cha dirishani, anawasimulia wanaosubiri. Juzi tuko mkekani, nikasikia hodi. Fundi huyo mlangoni, na gauni jipya.

"Karibu, msafiri," mwalimu wa hesabu akamchangamkia. "Mikono mitupu? Mtoto umemwachia nani?"

Fundi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Safari gani?"

Mama Mdogo, aibu ya namna ile sijawahi kuibeba.

Alipita katikati yetu, akakaa kwenye kiti cha dirishani. "Nilijifungua," akasema. "Wa kiume. Hakulia. Na leo ni zamu yangu, mwenye darasa atake asitake."

Alisimulia yote. Uchungu. Nywele nyingi za mtoto. Kisha akanigeukia. "Ulinifundisha maziwa yanavyokuja. Siku ya tatu yakaja, nguo ikalowa, mtoto hayupo. Hilo hukunifundisha."

Ni kweli, sikumfundisha. Na wewe hukunifundisha mimi.

Akaomba apewe mtoto wa mchanga. Alimpakata, akampima kwa mikono. "Wangu alikuwa mzito kuliko huyu," akasema. Mwalimu wa hesabu alijikokota na mapacha wake mpaka miguuni pa kile kiti, akakaa pale. Mimi nikafungua kabati, nikautoa ule mto mbele ya wote, nikaomba radhi. Kwake kwanza, kisha kwao.

Wakati namsindikiza nilimwambia nafunga darasa. Akasema, "Funga, uone kama sitakuja kukaa mlangoni pako na cherehani yangu."

Jana alileta mtoto wa pili, wa mchanga, amemshona kwa mkono. Mshono huuoni mpaka uutafute. Nilimpandisha kwenye mizani: kilo tatu na gramu mia nne. Jumamosi hii tutakuwa nao wawili, na somo la kwanza litakuwa lile la maziwa. Fundi ndiye atakayelifundisha.

Alitaka amfumue na wa kwako, amshone upya. Nilimkatalia.

Msalimie Kaka na wifi, na mwambie yule bingwa wa kuruka vitandani kwamba shangazi yake hajasahau kofia. Mama anakusalimu, kifua kimepungua.

Ni Mama huyo huyo, alipozidiwa mwezi wa pili, aliyenitamkia kwamba kabla ya kumzaa Kaka ulikuwa na mwingine. Akageukia upande wa pili, nami sikumuuliza tena. Lakini juzi, baada ya wote kuondoka, nilikaa na mtoto wako wa mchanga mapajani, nikakikumbuka kile kijiko. Uzito ule, Mama Mdogo, ulikuwa wa nani?

Ukitaka kunijibu, nijibu. Usipotaka, nimemwacha na mchanga wake ule ule, na kila anayembeba namwambia amshike shingo.

Mungu akutunze na kukulaza salama.

Mwanao akupendaye,
Kadogo