Magurudumu ya Ndege ya Mutua

Jumapili, Juni 1999

Mutua mwanangu, baba yako hajambo, nyanya yako, susu, hajambo isipokuwa magoti, dada yako Ndinda hajambo, hata ng'ombe amezaa. Ni mimi tu siko sawa. Nakusalimia hapa kwa daftari kwa sababu simu ya huko kazini kwako Dubai haishikwi tangu Pasaka.

Leo baada ya kanisa nimetoa ile ndege yako ya plastiki chini ya kitanda. Ulisema utaiunganisha ukirudi. Kizungu cha ile karatasi ya maelezo iliyokuja nayo sikijui, lakini picha nimezifuata pole pole kama mtu anachambua maharagwe. Mabawa yakashika. Gundi ikashika na kidole changu, Ndinda akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, sasa utasonga ugali na ndege mkononi?"

Shida ikawa magurudumu. Picha ziko mbili: moja yamekunjwa ndani, ingine yametolewa chini. Baba yako akasema, "Kunja, Mama Mutua. Tutaifunga na uzi kwa dari, ionekane inaruka."

Nimekataa. Nimeyabandika chini, nikayashikilia mpaka gundi ikakauka, chai yangu ikapoa.

Sasa imesimama kwa meza karibu na kikombe chako. Ile ya kukunja miguu bado iko safarini. Mimi nataka iliyofika.

Najua hutasoma hii. Lakini piga simu pale dukani Masii, hata kesho asubuhi, useme tu uko mzima.