Hamsini na Mbili Kutoa Thelathini na Nane

Mwanangu,

Chai imo kwenye chupa. Mjukuu wangu hajanywa, kanisusia, na ana haki yake.

Asubuhi alikuwa anafanya hesabu za kutoa: 52 juu, 38 chini. Akaandika 14. Nikamwambia amekosa, jibu ni 26: nane toa mbili, sita; tano toa tatu, mbili. Alipobisha nikamfinya sikio mpaka akalia. Halafu, huku kamasi zinamtoka, akajumlisha 14 na 38 kuhakiki, kama nilivyomfundisha mwenyewe. Ikatoka 52.

Miaka thelathini na moja darasani nimewasahihisha watoto wa watu kosa hilohilo, la kutoa ya juu kwenye ya chini. Leo nimelifanya mimi, tena kwa ubishi.

~~Usimwambie kitu.~~ Mwambie alipata, babu ndiye aliyekosa. Mwekee vema kwa kalamu nyekundu.

Nimekwenda hospitali, uliyonisihi niende tangu mwezi uliopita nikakuita mchokozi. Njia ya kurudi nyumbani nimeiandika kiganjani.

Jiko nimezima. Hata hivyo, kaliangalie.

Baba