Urefu wa Mvule wa Babu

Tabora, shuleni

Tata, baba yangu mpendwa,

Napiga magoti, hata kama ni mbele ya karatasi. Mmeamkaje hapo Ijumbi? Kifua cha Mama kimepoa? Mimi mwili ni mzima, ugali ni wa kila siku, ndizi naziota tu. Lakini moyo haujatulia tangu barua yenu ifike.

Unakumbuka likizo, nilivyokunja karatasi pembe kwa pembe, nikawa narudi kinyumenyume huku nautazama mvule wa babu? Ukasema, "Koku, unaupima unataka kuushonea kanzu?" Lilikuwa zoezi la hesabu za pembe. Unautazama mti kwa kufuata ule mkunjo, unarudi nyuma, na pale ncha yake inapokaa sawa na mkunjo, umbali wako na shina ndio urefu wa mti. Nilipita mlango, nikapita nyumba yote, nikapita jiko, hadi kwenye migomba ndipo ncha ikakaa sawa. Tulicheka wote. Nikaandika jibu, nikapata alama zote, wala sikuwaza zaidi.

Sasa Adela mdogo wangu ameniandikia kwa niaba ya Mama kwamba uyoga umeota tele shinani, upande wa nyumba, na mmeula na ndizi mkamshukuru Mungu. Nilimsomea mwalimu wa kilimo kwa furaha. Yeye hakufurahi. Aliuliza kama mizizi imewahi kukatwa. Nikakumbuka tulipoambiwa tujenge kwa mstari kando ya barabara, kijiji cha ujamaa, nawe ukachagua kiwanja hicho ili usiliache kaburi la babu kando ya mvule. Udongo wa kukandika tuliuchimba pale pale chini ya mti. Mizizi tuliyoikata tuliifanya kuni. Mwalimu akasema uyoga wa namna hiyo hula mizizi iliyokufa. Kisha akauliza, "Mti huo ukianguka, chini yake kuna nini?"

Nikamwambia, "Kuna sisi."

Najua utasema mti haugharimu kitu, uachwe usimame. Tata, kwenye mazoezi ya uchumi tunafundishwa kwamba gharama ya kitu ni kile unachokiacha ili ukipate. Anayepanda kahawa ameacha maharage. Kila nikifanya swali hilo namwona Adela, maana kitanda chake kiko kwenye ukuta wa upande wa mti. Naogopa, Tata waitu. Hapa mawingu yameanza kukusanyika, na huko kwetu upepo wa ziwa hutangulia mvua.

Hamieni kwa shangazi Paskazia kule Kimwani, kisha waite wapasua mbao. Babu akikasirika, na anikasirikie mimi. Barua hii ipande treni hadi Mwanza, ipande meli hadi Bukoba, halafu isubiri basi la Muleba. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nimelirudia lile zoezi la pembe nikitafuta nilipokosea. Sijawahi kutamani kukosa namna hii.

Nisalimie Mama, shangazi Paskazia, na jirani yetu katekista, mwambie atuombee.

Adela, najua ni wewe unayewasomea. Usiyaruke maneno ya kitanda chako, hata Mama akilia. Ukimaliza kusoma, chukua mkeka wako utoke.

Binti yenu,
Kokushubira